Madalali wa Dolphine

Mimi sikusoma sana, na wala sijuti. Shule niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, katikati ya darasa la tano, na tangu siku hiyo sijaona kitu kilichonishinda isipokuwa mke wangu na mchezo mmoja wa kadi. Ya mke wangu tuyaache, hayo ni ya nyumbani. Nitakusimulieni ya huo mchezo, na ya binti aliyeutunga, maana watu wa Ukunda mnapenda kumtaja Dolphine lakini mnamtaja ovyo. Huyu asema alikuwa mcheza karata wa ajabu, yule asema aliolewa na Mjerumani. Uongo ninaujua, ni fani yangu, na huo wenu si uongo uliofanyiwa kazi.

Dolphine alitoka bara, upande wa Kakamega, akaja Diani kutandika vitanda hotelini. Binti mrefu, mwenye kicheko kinachotangulia mzaha. Kiswahili chake mwanzoni kilikuwa kama chapati ya mtu anayejifunza, kina pembe, lakini shikamoo alikuwa hodari wa kuzitoa, na mwenye kutoa shikamoo Pwani hii halali njaa. Mwaka ule wa mvua ya El Nino wageni walijifungia vyumbani, bahari imechafuka, jua halionekani, watoto wao wanalia mpaka kuta zinalia nao. Dolphine akachukua kadibodi ya sabuni akachora barabara ya Diani. Vifuniko vya soda akavifanya mbega, visanduku vya kiberiti akavifanya magari, akawafundisha watoto kuvusha mbega bila kugongwa. Kufika alasiri, baba zao walikuwa wamewanyang'anya mchezo na wanagombana wao kwa wao.

Mvua ikaisha, wageni wakawa haba, hoteli ikapunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake wengi walipanda basi wakarudi kwao. Yeye alikodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga mahindi pale Ukunda, akapigilia kibao mlangoni: NYUMBA YA MICHEZO.

Mimi nilipokisoma kile kibao nilidhani ni kamari. Niliingia haraka, kabla mtu wa msikitini hajaniona.

Ndani nilikuta watu watatu weupe kwa unga kama maandazi yanayongojea mafuta. Mmoja ndiye Dolphine. Wa pili Seth, Mkamba mchonga vinyago aliyechoka na twiga. "Twiga nimechonga, mzee," aliniambia baadaye, "mpaka nikilala naota shingo." Wa tatu Sidi, msichana wa kutoka Kinango, mchoraji, asiyesema sana lakini kila analosema lina meno.

"Shikamoo, mjomba," akasema Dolphine.

"Marahaba. Mnacheza nini humu? Pesa?"

"Hapana, mjomba. Tunatunga michezo. Ya ubao, ya kadi. Tunauza hotelini na shuleni."

"Basi nimeingia bure."

"Kaa ucheze mmoja, hiyo bure yako iwe na faida."

Nilicheza mchezo uitwao Mamba wa Ramisi, ambapo unavuka mto na mamba wanakungojea. Nikashinda. Nikashinda tena. Nilipokuwa nashinda mara ya tatu, Sidi, bila ya kuinua uso, akasema, "Mjomba, mamba wetu wawili wako chini ya kofia yako."

Mtu mwingine angenifukuza. Dolphine alicheka mpaka akajishika mbavu, akanimiminia chai, akaniuliza, kwa heshima zote, nilivyofanya. Nikamweleza. Kesho yake mamba wote walikuwa wamechongwa wakubwa zaidi, hawaingii kofiani. Akaniambia, "Mjomba Mwero, uwe unakuja kila Alhamisi utuibie. Palipo na tundu, wewe ndiye utakayeliona."

Sasa niambieni, hapa Kwale nzima, tangu Kombani mpaka Jego, nani mwingine amewahi kuajiriwa kuiba na akawekewa chai?

Wiki yao ilikuwa na mwendo wake. Jumatatu hapana aliyeshika msumeno. Dolphine aliketi sakafuni na chaki, akachora, akafuta, akauliza maswali ya ajabu: "Kwa nini mtu akishindwa hutaka kurudia?" Seth humjibu, "Kwa sababu ni mjinga." "Na akishinda?" "Ni mjinga mwenye bahati." Basi hivyo mpaka adhuhuri, na hiyo wao waliiita kazi! Jumanne na Jumatano ndipo utakapoona jasho: Seth akikata mbao na kuchonga vipande vya vifuu vya nazi, Sidi akipaka rangi, Dolphine akikoroga gundi ya unga wa muhogo. Gundi hiyo ilishika vizuri, ila mende waliipenda kuliko sisi. Wakati mmoja waliula mto Ramisi wote, wakabakisha mamba. Alhamisi ni mimi. Ijumaa wanaziba matundu niliyoyatoboa. Jumamosi hotelini na mzigo, na Jumapili Dolphine yuko kanisani akiimba sauti ya juu kabisa, hata sisi tusiokwenda huko tuliisikia njiani.

Maisha yalikwenda hivyo, ya kuchekesha na ya kubana. Michezo ilinunuliwa mmoja mmoja, kama dawa ya kikohozi. Ndipo wiki moja, mwaka wa tisini na tisa, Jumatatu, akaingia Mzee Johnstone. Huyu alikuwa mkuu wa dobi katika hoteli ile ile iliyompunguza Dolphine, mtu wa kwao bara, mpole, asiyejua mzaha hata ukimwekea kwenye sahani.

"Binti," akasema, "nafasi imetokea kwangu, ya kufua na kupiga pasi mashuka. Wanaoitaka ni wengi, lakini nimesema ni ya Dolphine. Nitakushikia mpaka Jumatatu ijayo. Ikipita hapo, si mimi tena."

Dolphine alimshukuru kwa mikono miwili. Alipotoka, Dolphine akatugeukia.

"Tusidanganyane," akasema. "Jumamosi Bi Gillian amekubali kutazama mchezo mmoja zaidi. Akiuchukua, atauweka hotelini mwote, nasi tunaendelea. Akiukataa, mimi Jumatatu nakwenda kufua mashuka, na hiki chumba tunakifunga. Siwezi tena kuwaweka hapa kwa matumaini."

Bi Gillian ndiye aliyekuwa akiwatumbuiza wageni pale hotelini, mwanamke mwenye filimbi shingoni na miguu isiyotulia. Seth alitazama msumeno wake. Sidi akasema, "Basi mchezo wenyewe uwe mzuri," akachukua brashi.

Mchezo waliokuwa nao uliitwa Soko la Kombani. Ni hivi, na msiniulize mara mbili. Wachezaji ni wanne. Kila mmoja ana kadi sita za bidhaa: nazi, maembe, mihogo, samaki, machungwa. Unatembeza kijisanamu chako katika vibanda vya soko, ukikutana na mwenzako mnabadilishana kadi, na wa kwanza kupata sita za aina moja anapiga meza na kusema, "Kapu!" Siri yote ni kuficha unachokitafuta. Wakijua unatafuta nazi, utaitafuta nazi mpaka uote minazi.

Alhamisi nilikuja nimejiandaa. Mashine ya kusaga ilikuwa ikinguruma kama kawaida, hata kusikia pumzi yako ni kazi, tukacheza kwa ishara na kwa macho. Nilificha kadi kwenye soksi, Seth akaiona. Nilichungulia ya Sidi, Sidi akanionyesha ngumi. Nilibadilisha kijisanamu, nikakuta kila kimoja kimepakwa rangi yake chini. Nilijaribu hila nilizopewa na baba yangu, na yeye alipewa na babu. Hakuna! Mchezo ulikuwa mzima kama yai.

"Mjomba ameshindwa!" akapiga kelele Seth, na Dolphine akacheza ngoma ya kwao, mabega yakitikisika, unga ukimpukutika.

Mimi kushindwa sikuzoea. Nikasema, "Subirini. Mchezo usiochezwa barazani bado haujachezwa. Kesho baada ya sala ya Ijumaa, uleteni kwa muuza kahawa."

Dolphine hakutaka. Siku moja tu imebaki, alisema, na rangi haijakauka. Lakini nilimchokoza mpaka akakubali. "Unaogopa wazee wenye vikombe?" nilimwambia. "Hao wageni wa hoteli utawaweza vipi?"

Ijumaa mashine haisagi. Mwenyewe huifunga akaenda msikitini, na mtaa mzima hupata masikio yake upya. Tukakaa barazani: mimi, Seth, Sidi, na rafiki yangu Chirau, fundi baiskeli mwenye tumbo la heshima. Dolphine alisimama kando, mikono nyuma, kama mwalimu siku ya mtihani. Kadi zikagawanywa. Nilipata mihogo mitatu mwanzo tu. Nikakunja uso, nikavaa huzuni ya mtu asiye na chochote.

"Mwero ana mihogo!" sauti ikasema nyuma yangu. "Mitatu! Msimpe muhogo!"

Nikageuka. Watu walikuwa wameshajaa. Wametoka msikitini wakaona watu wameinama juu ya ubao, na kwetu hapa watu wakiinama juu ya ubao, wengine hawapiti.

"Wewe umetumwa na nani?" nikamuuliza.

"Nimetumwa na macho yangu."

"Huyu msichana anangojea samaki," akasema mwingine nyuma ya Sidi. "Mpeni tu, masikini, hajala."

"Mkamba, toa hilo chungwa! Toa! Unalibana la nini, unataka juisi?"

Kabla kahawa haijapoa, kila mtu alijua kadi za kila mtu, na mchezo ukasimama. Hapana aliyekubali kumpa mwenzake chochote. Tulikaa tukitazamana kama wachumba waliogombana.

"Tafadhalini, wazee wangu," akasema Dolphine. "Asiyecheza anyamaze kidogo."

Walinyamaza kweli, kwa heshima yake, muda wa mtu kukohoa. Kisha wakaanza tena.

Chirau akamwambia kwa upole, "Mwanangu, usituchukie. Hapa hata bao huchezwa na watu ishirini. Wawili ni wa kusogeza kete tu."

Dolphine aliketi kwenye kidaraja cha baraza. Kicheko chake hakikuwapo. "Siku zote tumejaribu ndani, mashine ikinguruma," akamwambia Sidi. "Hakuna aliyeweza kusikia mtu. Nimetunga mchezo wa viziwi. Kesho hotelini wahudumu watasimama nyuma ya wageni, wataona kadi, watasema. Umekufa huu."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Isitoshe nilikuwa na mihogo minne sasa. Nikasema tuendelee, tumalize hivyo hivyo na makelele yao. Basi tukaendelea, kadi zikapita mikono mpaka hapana aliyejua tena nani ana nini. Nyuma ya Chirau alisimama shemeji yake, jitu lenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kijiji cha pili. Likapaza: "Jamani, Chirau ana maembe matano! Anangoja embe moja! Mungu wangu, msimpe embe!"

Nikashtuka. Nilikuwa na embe moja na nazi moja, na nimekutana na Chirau kibandani. Nikaificha embe yangu kifuani, nikampa nazi, nikijiona mjanja wa wajanja.

"Kapu!" akasema Chirau, akalaza nazi sita mezani, zimepangana kama meno.

"Hana maembe!" nikaruka. "Hana hata embe moja! Shemeji yako ameniibia!"

"Nimekuibia nini?" likauliza lile jitu, likiwa na uso wa malaika. "Mimi nimesema, wewe umeamini. Nilikushika mkono?"

Baraza lilianguka kwa kicheko. Na katika kicheko kile nikasikia kimoja kilichotangulia vyote. Dolphine alikuwa amesimama.

"Mjomba, rudia. Ulimwamini kwa nini?"

"Usinichokoze, binti."

"Sikuchokozi. Niambie."

"Kwa sababu amenadi! Amepaza sauti kama dalali wa mnadani, nami nikajua dalali ameshaona mali!"

"Dalali," akasema Dolphine. Alilisema tena polepole, akilionja. Akamgeukia Sidi. "Soko gani tumechora sisi, Sidi? Soko halina dalali? Soko la watu kimya? Umewahi kuliona Kombani?"

"Kombani kimya ni cha mbuzi tu," akasema Sidi, "tena aliyechinjwa."

Hapo hapo, juu ya baraza, wakaugeuza mchezo. Mchezaji sasa ndiye anayefumba mdomo. Nyuma yake anasimama dalali wake, ambaye anaona kadi zote za mchezaji wake na ana ruhusa ya kusema lolote: kweli, uongo, nusu yake. Wengine wachague la kuamini. "Anayesimama nyuma hatumnyamazishi," akasema Dolphine. "Tunamwajiri." Tukaucheza tena, wazee wakigombania kuwa madalali, hata muuza kahawa akaacha jiko. Nilifanywa dalali wa Seth na nikadanganya mpaka nikajiogopa. Nataka ieleweke kwamba bila ya mimi kushindwa, mchezo ule usingepatikana. Kushindwa kwangu mimi ni kitu adimu, na nilikitoa sadaka.

Jumamosi tukaenda hotelini, mimi na kofia mpya. Wageni hawakuwa wengi. Bi Gillian akatupa meza kivulini karibu na bwawa la kuogelea, akazisikiliza kanuni huku akitikisa mguu.

"Mchezaji haongei?" akauliza. "Dolphine dear, wageni wamesafiri hiyo safari yote waje wanyamaze?"

"Watanyamaza mdomo tu, madam. Nikopeshe wahudumu wanne."

Wakaketi wageni wanne: mzee mmoja Mjerumani na mkewe, na vijana wawili waliokuwa hawajasemeshana tangu asubuhi. Wahudumu wakasimama nyuma yao, mikono nyuma, wakiona haya. Mhudumu amefundishwa kusema ndiyo kwa mgeni. Kumdanganya hadharani hakuthubutu. Wakanong'ona. Wageni wakakodoa macho. Nikaona Dolphine anaminya kidole chake kimoja mpaka kinapoteza rangi, na Bi Gillian ametazama saa.

Basi nikamsogeza kando mhudumu wa yule mzee, nikasimama mimi. Kijerumani ninacho kidogo, cha kuuzia vinyago, lakini mnada hauhitaji lugha. Nikaita! Nikapiga kifua, nikaapa kwa vidole, nikachora samaki hewani wakubwa kuliko nyangumi. Huyu mzee ana samaki, nikanadi, samaki watupu, ananuka samaki! Mkewe akamnusa mumewe. Akacheka, akabana samaki wake wote, akampa chungwa, na machungwa ndiyo tuliyoyataka.

Mhudumu wa mkewe hakuvumilia. "Mzee huyu ni mwongo!" akapiga kelele. "Wangu mimi hana samaki hata mmoja, ana nazi!" Naye, wallahi, alikuwa nao wanne. Hapo mlango wa uongo ukafunguka. Vijana wawili wakasahau kanuni, wakaanza kusemeshana kwa kutukanana kadi. Mpishi akatoka jikoni na mwiko wake. Wageni waliokuwa majini wakatoka wakitiririka wakasimama nyuma ya viti. Na Bi Gillian, huyo huyo wa kutazama saa, nilimkuta nyuma ya yule mama wa Kijerumani akiapa kwa Kiingereza, Kiswahili na filimbi kwamba mama yule anakusanya mihogo.

Mchezo ulipokwisha, alinyoosha nguo zake, akamwita Dolphine kando, lakini si mbali na masikio yangu.

"Dolphine, hizi kelele."

Dolphine akainamisha kichwa. "Ndiyo, madam."

"Kelele hizi sijazisikia hapa tangu mwaka juzi. Nitengenezee kumi na mbili. Na wahudumu wangu mje muwafundishe, wanadanganya kama watoto wa malaika."

"Watafundishwa na mimi," nikasema, na hapana aliyebisha.

Seth alimbeba Dolphine mpaka karibu na bwawa na nusura waingie wote. Sidi alijigeuza akafuta macho kwa kitambaa cha rangi, akabaki na masharubu ya kijani mpaka Ukunda.

Jumatatu asubuhi nilikuwa karakanani, ingawa si siku yangu, Mzee Johnstone akafika na baiskeli, jasho linamtoka.

"Binti, nimekungoja tangu alfajiri! Mashuka yamejaa mpaka dirishani."

Dolphine akampigia goti la heshima. "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuwa nakuja kukuona mchana. Nafasi ile mpe mtu mwingine, na Mungu akubariki kwa kunishikia. Mimi nimepata kazi."

"Kazi gani?"

"Hii hii."

Mzee Johnstone akatazama chumba: unga, chaki sakafuni, Seth na msumeno, mimi na kikombe cha chai. Hakuona kazi. Akauliza, kwa wasiwasi wa baba, ni kitu gani hicho kinachomfanya mtu aache mshahara. Dolphine akasema njia ya kumweleza ni moja, akamweka nyuma ya kiti chake awe dalali wake. Tukaketi wanne: yeye, Seth, Sidi na mimi. Mashine ilikuwa haijawashwa.

"Sasa, mzee," nikamwambia, "tazama kadi za binti yako, utunadie."

Akazitazama. Akavua kofia. "Huyu," akasema kwa sauti ya kanisani, "ana machungwa manne, na anataka mawili tu."

Sisi tukacheka. Tunamjua dalali! Tunamjua mwenye uso mtakatifu! Seth akasema kweli wazee wa bara ni hatari. Nikampa Dolphine chungwa langu bila ya kufikiri.

"Sasa ana matano," akasema Mzee Johnstone. "Jamani, msimpe tena. Nawaambieni ukweli."

Sidi akampa la sita.

"Kapu!" akapiga kelele Dolphine, na mzee wa watu akabaki kututazama mmoja mmoja, hajui amefanya nini, huku binti yake akimkumbatia na kumpaka unga koti zima.

"Lakini niliwaambia," akasema.

Alicheza mpaka saa nne, akashinda kila mara kwa kusema kweli, mimi Mwero nikiangushwa na mtu asiyejua uongo. Alipopanda baiskeli yake kwenda kutafuta mtu mwingine wa mashuka, aligeuka mlangoni akamuuliza Dolphine kama dalali huhitajika pia siku za Jumanne.